Shamba ni la Nani? Sarufi na Alama za Uandishi katika Ngano za Watoto Wetu

Katika mikutano ya wazazi ya shule zetu za msingi liko swali linalorudi kila muhula, na aghalabu huulizwa na mtu aliyejizuia kwa muda mrefu. Mzazi amefungua daftari la mwanawe wa Darasa la Pili au la Tatu akitarajia kukuta mazoezi ya sarufi. Badala yake amekuta Fisi ametumbukia kisimani, ukurasa wa pili Sungura anamcheka, na ukurasa wa tatu zimwi limekuja kunywa maji. "Daftari hili nimelinunua mtoto asome," husema mzazi huyo, "au nimelinunua atunge porojo?" Swali hilo ni la haki. Daftari ni fedha, na muda wa mtoto darasani ni mfupi kuliko tunavyodhani. Si vema lijibiwe kwa maneno mawili ya haraka mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wamekwisha kusimama na kukung'uta nguo.

Jibu ni kwamba porojo hizo ndizo mazoezi ya sarufi yenyewe. Ili mkazi wa kata ajionee namna gani, na asilazimike kutuamini kwa maneno matupu, tutazame kipande kimoja cha ngano. Tumekitunga kwa ajili ya makala haya, lakini mwalimu yeyote wa madarasa ya chini ameshasahihisha ndugu zake wengi. Tukiandike kama mtoto anavyokiandika kwa mara ya kwanza:

hapo zamani za kale palikuwa na fisi na sungura siku moja fisi akamwambia sungura nina njaa twende shambani sungura akasema shamba ni la nani fisi akasema la mjomba wangu sungura akacheka wakaenda

Msomaji mzima huupita mstari huu bila taabu, kwa kuwa akili yake imezoea kujaza mapengo. Hebu aurudie polepole, kisha ajiulize mambo mawili: shamba ni la nani, na nani amecheka?

Tukiandika, Fisi akasema, "La mjomba wangu." Sungura akacheka, basi shamba ni la mjomba wa Fisi, na anayecheka ni Sungura, pengine kwa sababu anajua kwamba Fisi hana mjomba mwenye shamba. Tukiisogeza nukta neno moja mbele, Fisi akasema, "La mjomba wangu Sungura." Akacheka, shamba limehama. Sasa ni la Sungura mwenyewe aliyeuliza, naye amekuwa mjomba wa Fisi bila kushauriwa. Tukiongeza mkato mmoja, Fisi akasema, "La mjomba wangu, Sungura." Akacheka, shamba limemrudia mjomba, Fisi anamwita mwenzake kwa jina tu, na kicheko si cha Sungura tena. Ni kicheko cha Fisi, kicheko cha mtu anayeficha jambo. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nukta na mkato, na kwa hivyo mwenye shamba.

Watoto huipenda sana kazi hii. Mwalimu akiandika sentensi hiyo ubaoni bila alama na kuwaita watoto watatu, kila mmoja kwa zamu yake, waweke nukta wanapotaka, darasa zima hugeuka baraza la usuluhishi. Hakuna anayehitaji kuhimizwa asikilize. Tulinganishe na njia ambayo wengi wetu tulifundishwa kwayo: kukariri kwamba nukta huwekwa mwishoni mwa sentensi, kisha kuulizwa sentensi ni nini, na kujibu kwamba ni fungu la maneno linaloishia kwa nukta. Tulizunguka mti uleule miaka mingi.

Kinachoamuliwa na nukta

Pengine mzazi atasema kwamba shamba la Fisi halimhusu. Basi tuache ngano kwa muda, twende kwenye ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako karatasi za makubaliano huandikwa kwa mkono na watu wa kawaida, mara nyingi bila wakili. Tuchukue maneno haya, nayo ni ya kutunga, ya mzee anayegawa mali yake angali hai:

nimempa hamisi shamba la juu na mbuzi wawili wa saidi wasiguswe

Ukisoma hivi, Nimempa Hamisi shamba la juu na mbuzi wawili. Wa Saidi wasiguswe, Hamisi ana shamba na mbuzi wawili, na mbuzi wa Saidi, wawe wangapi, wabaki kwao. Ukisoma hivi, Nimempa Hamisi shamba la juu. Na mbuzi wawili wa Saidi wasiguswe, Hamisi ana shamba tu, na mbuzi wawili ni mali ya Saidi. Mzee akiwapo, ataulizwa. Mzee akiwa ameondoka duniani, wanawe watasimama mbele ya wazee wa mtaa, kila mmoja ameshika karatasi ileile na kila mmoja akisema kweli kama anavyoisoma.

Mtoto aliyeamua kesi ya shamba la Fisi akiwa na miaka minane ameshajifunza kuitilia shaka karatasi ya namna hiyo. Hilo ndilo tunalolitaka, zaidi ya alama za mtihani, ingawa nazo hatuzidharau. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka uzito wake katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile stadi zinazoitwa kwa kifupi KKK. Kwa maoni yangu, K ya pili ndiyo iliyoachwa nyuma kuliko zote. Watoto wengi wanaosoma vizuri bado huandika kama mtu anayesema huku anakimbia.

Kwa nini ngano

Ngano ina faida ambayo zoezi la kitabuni halina: mtoto anaijua sauti yake kabla ya kujua herufi. Amesikia "Paukwa!" na ameitikia "Pakawa!" tangu hajui kuhesabu vidole. Anajua kwamba bibi akifika mahali pa hatari hushusha sauti, kwamba Fisi husema kwa pua, kwamba baada ya "siku moja" kuna jambo linakuja. Yote hayo ni alama za uandishi, ila ziko katika koo na uso wa msimulizi. Karatasi haina koo. Kazi ya mtoto ni kuzihamisha alama hizo kutoka kwa bibi na kuziweka mahali ambapo mtu asiyemjua bibi ataweza kuzisikia.

Kazi hiyo wameifanya watu wazima kabla yake. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuwa mmisionari Zanzibar, alichapisha mkusanyo wa ngano za Kiswahili zilizosimuliwa huko kwa mdomo. Ilibidi mahali fulani mtu aamue usemi wa mhusika unaanzia wapi na kukomea wapi. Katika utenzi, vina na mizani humwonyesha msomaji pa kupumzika hata kama mwandishi hakuweka alama yoyote. Ngano ya nathari haina msaada huo. Naye Shaaban Robert, ambaye Adili na Nduguze yake ya mwaka 1952 ni hekaya yenye majini na watu waliogeuzwa wanyama, aliishi kwa mshahara wa ukarani serikalini. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kazi za ofisi na hadithi za ajabu haziwezi kukaa katika mkono mmoja.

Pumzi na mipaka yake

Walimu wa madarasa ya chini huanza na nukta na herufi kubwa, wala hawaongezi jambo jingine mpaka hizo mbili zimekaa. Njia ninayoiamini ni ya pumzi. Nilipokuwa nafundisha Darasa la Pili, mvulana mmoja aliniletea ukurasa mzima wa ngano, kutoka juu hadi chini, bila nukta hata moja. Sikumwandikia kosa. Nilimwomba awasomee wenzake, kwa sharti moja: asivute pumzi ila penye nukta. Alianza kwa kujiamini. Alipofika katikati macho yalikuwa yamemtoka, wenzake wanacheka, naye akasimama, akachukua penseli kwa hasira na kuanza kuweka nukta zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo hakuzisahau.

Hata hivyo pumzi si mwalimu kamili, na mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani ajihadhari nayo. Msimulizi hupumzika pia katikati ya wazo ili kuwatia wasikilizaji hamu. Mtoto anayefuata pumzi tu huandika: Fisi yule mkubwa mwenye njaa ya siku tatu, alikwenda mtoni. Mkato huo hauna kazi, kwa sababu umemtenga mtenda na tendo lake. Hapo mwalimu huuliza, "Fisi alifanya nini?" Jibu likiwa upande wa pili wa mkato, mkato ufutwe. Kwa hiyo pumzi hutufikisha mlangoni. Kuingia ndani ni kwa kuuliza nani, na amefanya nini.

Alama za mtajo, zile ambazo walimu wengi huziita fungua semi na funga semi, ndizo zinazofaidi ngano kuliko nyingine zote. Habari ya kawaida ya mtoto, kama vile safari ya sokoni, inaweza kwisha bila mtu kusema neno. Ngano haiwezi. Fisi lazima adanganye, na uongo husemwa. Baadhi ya walimu hutumia watoto wawili wanaosimama mbele ya darasa na kukunja mikono kama mabano. Maneno ya mhusika husomwa na mtoto wa tatu aliyesimama katikati yao, na yasiyo ya mhusika husomwa na darasa zima. "Fisi akasema" ni ya darasa. "Nina njaa" ni ya mtoto wa katikati. Akijisahau na kusoma "Fisi akasema", wenzake humkatiza mara moja kwamba Fisi hakutamka hayo. Baadaye, katika madarasa ya juu, atafundishwa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na atajua tayari ni maneno gani yanayogeuzwa.

Alama ya kiulizo haina shida kubwa. Ya mshangao ina shida ya kupendwa mno: watoto huipanga minne mitano kama miti ya uzio. Moja yatosha.

Ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika ng'ombe, husahauliwa hata na watu wazima, na hata katika mabango ya biashara. Ngano hutoa nafasi nzuri ya kuikumbuka, kwa sababu ng'ombe ni wengi humo na hung'olewa pembe, hung'atwa na hung'ang'ania kamba. Asiyeweka ritifaa ajaribu kusoma "ngombe" kwa sauti ileile ya "ngoma", asikie kama huyo ni mnyama anayemjua.

Wakati wa ngano

Sasa tuingie katika sarufi yenyewe, maana alama ni nusu ya habari tu. Mtoto anayeanza kuandika hupenda kurudia wakati mmoja: Fisi alikwenda mtoni. Fisi alimwona Kobe. Fisi alimwuliza njia. Kila sentensi ni sahihi, lakini zimekaa kama matofali yasiyo na udongo kati yake. Msimulizi hasemi hivyo. Husema: Fisi alikwenda mtoni, akamwona Kobe, akamwuliza njia. Kiambishi -li- hufungua mlango wa wakati uliopita, kisha -ka- huingiza matendo moja baada ya jingine kwa mpangilio wa kutokea kwake. Ukiyapangua matendo, umepangua habari: akamla, akamkamata si sawa na akamkamata, akamla, na mtoto wa miaka saba hulicheka kosa hilo bila kuelezwa.

Katika kutumia -ka- mtoto hujikwaa mahali pawili. Kwanza, katika ngano iliyotulia -ka- hutegemea tendo lililotangulia. Ngano ikianza kwa Sungura akacheka, msikilizaji atauliza, "Baada ya nini?" Pili, vitenzi vya silabi moja hubadilika. Tunasema alikula, alikunywa, alikuja, alikufa. Lakini akala, akanywa, akaja, akafa. Watoto huandika "akakula" na "akakuja" kwa kuwa wameibeba ku- kutoka kwenye -li- na hawakujua kwamba hapa hushushwa. Je, ni maandishi gani mengine ya mtoto yenye kula, kunywa, kuja na kufa kwa wingi kama ngano? Kitabu cha mazoezi kitampa sentensi tano. Hadithi moja ya zimwi itampa ishirini, naye atazihesabu kwa furaha.

Ukanushi nao una lake. Fisi akamwita, akamwita tena, lakini Sungura hakuitika. Hapa -ka- imesimama, na tendo lililokanushwa limerudi kwa -ku-. Mtoto aliyesikia ngano nyingi hulifanya hili bila kufundishwa. Asiyezisikia hutafuta "hakaitika" na kushangaa kwa nini mwalimu anatabasamu.

Jibwa, kijibwa na kiboko

Penye utajiri zaidi ni katika ngeli, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa ndipo watoto wetu wengi wanapopata shida. Baadhi yao nyumbani huzungumza lugha nyingine. Wengine husikia Kiswahili cha sokoni kilichopunguzwa viambishi ili biashara iende. Orodha ya ngeli iliyobandikwa ukutani haiwasaidii sana. Wahusika wa ngano huwasaidia.

Mwalimu huanza na mbwa. Mbwa wake mdogo alibweka. Kisha huwaambia watoto kwamba usiku umeingia na mbwa huyo amekua mpaka amefikia paa. Sasa ni jibwa: jibwa lake kubwa lilibweka. Kisha mchawi amemnyunyizia maji, naye amesinyaa mpaka anaenea kiganjani: kijibwa chake kidogo kilibweka. Mnyama ni yuleyule, lakini kila alipobadilika umbo, maneno yote yaliyomzunguka yalibadilika pamoja naye: wake, lake, chake, alibweka, lilibweka, kilibweka. Watoto wakishauona mchezo huo, wanaweza kuucheza na mtu, jitu na kijitu, au na mtoto, toto na kitoto, asubuhi nzima. Hawajui kwamba wanafanya upatanisho wa kisarufi. Wakija kuambiwa jina hilo, watakuwa wanakijua tayari kinachoitwa hivyo.

Hapo ndipo huzuka swali la wahusika wenye majina yanayoanza kwa ki-. Kiboko, kifaru, kinyonga na kipepeo ni viumbe hai, na kwa hiyo tunasema kiboko alikuja, vifaru walikimbia. Mtoto akiandika "kiboko kililetwa darasani", mwalimu mwerevu hafuti. Huuliza wenzake kilicholetwa ni nini. Wote wanajua: ni fimbo. Kiboko akiletwa, ni yule wa mtoni, na madawati yote yamevunjika. Vivyo hivyo kwa ndege: ndege ametua juu ya mwembe, ndege imetua uwanjani. Kiambishi kimoja ndicho kinachotenganisha manyoya na injini.

Na zimwi je? Kila mtu mzima katika kata hii anajua kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na methali hiyo imelipa zimwi upatanisho wa li-, ingawa linatembea, linakula na linasema. Zimwi limebaki na ukubwa wake wa kutisha ndani ya kiambishi. Mwandishi akisema zimwi akaja, hofu imepungua kidogo. Walimu hawakubaliani wote katika hili, na mimi naona mtoto aachiwe achague, mradi asianze na likaja na kumaliza na akaondoka. Hali ni hiyohiyo kwa vitu vinavyopewa midomo katika ngano, kama vile jiwe linaloimba au mti unaotoa siri. Baadhi ya waandishi huandika Mti akasema, kwa herufi kubwa, kwa kuwa mti umekuwa mtu. Wengine hubaki na mti ukasema. Njia zote mbili zina watetezi wake. Kuchanganya ndiko kusikotetewa na mtu.

Herufi kubwa nayo hupata maana hapo. Palikuwa na fisi watatu: hawa ni wanyama, herufi ndogo. Fisi akamjibu Sungura: haya sasa ni majina, kama Asha na Juma. Mtoto anayeweza kueleza tofauti hiyo ameelewa jina la pekee ni nini.

Kuhusu kalamu nyekundu

Nimeona madaftari ambamo ngano ya mistari kumi imepigwa alama nyekundu thelathini. Nafahamu nia ya mwalimu. Lakini mtoto akiona hivyo, mara ya pili huandika mistari mitatu, kwa maneno anayoyajua tu, na Fisi wake hafanyi jambo lolote la hatari. Amejifunza kwamba anayeandika kidogo hukosea kidogo. Heri mwalimu achague jambo moja kwa kila ngano. Wiki hii nukta. Wiki ijayo maneno yaliyokatwa vibaya, kama "ali mwambia" na "nime ona", ambayo ni mengi mno. Baadaye r na l, kwa utulivu na bila kumcheka mtu, maana lafudhi ya nyumbani si kosa la mtoto. Makosa mengine yasubiri zamu yake.

Wako wazazi watakaoliona hili kuwa ni ulegevu, na wana hoja. Ngano isiyosahihishwa kabisa humwachia mtoto mazoea mabaya, na shule ambayo inapamba kuta kwa hadithi zenye makosa yaleyale muhula baada ya muhula haijafundisha sarufi, imefurahisha wageni. Mzazi akiona kosa moja limejirudia katika kurasa nyingi bila kuguswa, ana haki ya kuuliza zamu ya kosa hilo ni lini.

Kuna pia jambo la wingi. Darasa likiwa na watoto wengi, mwalimu hawezi kusoma kila ngano kila wiki, na si busara kumdai hilo. Wengi huandika ngano moja ubaoni kwa ushirika, kila mtoto akitoa sentensi, na darasa zima likajadili alama. Au huwaweka watoto wawili wawili: mmoja huandika, mwenzake husoma kwa sauti vile ilivyoandikwa, si vile alivyokusudia mwandishi. Mwandishi akisikia Fisi wake anasema maneno ya Sungura, hurudi kwenye penseli bila kuitwa. Na pale daftari linapokuwa shida, karatasi iliyotumika upande mmoja hufaa kabisa kwa rasimu, na ubao wa chaki hufaa zaidi.

Nyumbani

Mzazi asiyejua kusoma asijione hana nafasi. Bibi, babu au shangazi asimulie ngano anayoijua, kwa lugha yoyote ya nyumbani, polepole, kwa sauti zake zote. Mtoto aiandike kwa Kiswahili siku ya pili, akiwa ameilalia. Kisha amsomee msimulizi kile alichoandika. Bibi atakatiza: "Sikusema hivyo. Aliyeingia mtegoni ni Fisi." Mtoto atatazama karatasi na kugundua kwamba mkato wake ndio uliomwingiza Sungura mtegoni. Hakuna sahihisho lililo bora kuliko hilo.

Anayejua kusoma afanye neno moja zaidi. Asome ngano ya mtoto kwa sauti kama ilivyo, bila kumrekebishia chochote njiani. Pasipo na nukta asipumzike. Penye alama tano za mshangao apige kelele mara tano. Halafu ampe penseli na kunyamaza. Tafadhali asimwandikie yeye. Walimu huutambua mwandiko wa mtu mzima, na huutambua zaidi Fisi wa mtu mzima, ambaye daima huwa na mafunzo mengi kuliko njaa.

Madaftari ya ngano yatunzwe hata yakijaa, kwa kuwa walimu hulinganisha ngano ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho ili waone kilichoshika na kisichoshika. Mzazi mwenye swali juu ya kazi za mwanawe amwone kwanza mwalimu wa darasa, kisha Mwalimu Mkuu. Jambo lisipopata ufumbuzi hapo, Afisa Elimu Kata atalipokea. Wazee walio tayari kuja kuwasimulia watoto ngano darasani wajitambulishe kwa Mwalimu Mkuu wa shule iliyo karibu nao. Kujua kusoma si sharti.